Notisi ya siku 3 na ya siku 60 kwa mkaazi wa trela California: siku 3 zikiisha anatolewa?

Nyota_ya_Ziwa: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Mama mdogo ana trela yake California, kiwanja anapanga kwenye paki (eneo la nyumba za trela), kodi dola 780 kwa mwezi. Barua ya Agosti 12 ilisema kuanzia Oktoba 1 atalipa 865. Alipeleka hundi ya 780, meneja akairudisha. Leo, Oktoba 8, kakuta karatasi mbili zimebandikwa mlangoni: ya siku 3 na ya siku 60. Tufanyeje?

Mzee_wa_Vifungu: Hatolewi, mkuu. Siku 3 ni za kulipa. Siku 60 ni za kukatisha upangaji, na hata hizo zikiisha, anayeamuru mtu atoke ni jaji, si meneja. Kuhamisha trela ni gharama kubwa na huharibika njiani, ndiyo maana sheria (Kanuni ya Kiraia, kifungu 798 na kuendelea) inataka mwenye paki awe na sababu iliyotajwa katika 798.56.

Hesabu sasa. Kodi ya tarehe 1 hupewa siku 5 kwanza, kuanzia tarehe 2 mpaka 6. Notisi ya tarehe 8 haikuwahi mno. Kasoro iko kwingine: kupandisha kodi kunataka notisi ya siku 90, na Agosti 12 mpaka Oktoba 1 ni siku 50 tu. Notisi ya siku 3 inayodai zaidi ya deni halali inaweza kuangushwa mahakamani. Kubandika mlangoni peke yake nako hakutoshi. Lazima wamkose kwanza, na nakala itumwe kwa posta.

Kipepeo07: Basi arudishe ile 780, wasipopokea shauri yao.

Bint_Mzizima: Hapana ndugu yangu, msiweke nyumba rehani kwa dola 85. Alipe 865 ndani ya siku 3 kwa hundi ya benki, aambatanishe barua: "Nalipa kwa kupinga, sikupewa siku 90." Apige picha vyote viwili, adai risiti yenye tarehe. Akilipa kabla siku 3 hazijaisha, kosa limefutika. Hizo 85 zidaiwe baadaye.

Someni pia onyo la maandishi mazito kwenye notisi: linataja ni notisi ya ngapi. Zikifika tatu ndani ya miezi 12, akichelewa tena hapewi siku 3 nyingine. Kwa hiyo hii ipingwe kwa maandishi, isihesabiwe kimyakimya.

Nyota_ya_Ziwa: Wakifungua kesi? Kiingereza chake kidogo.

Mzee_wa_Vifungu: Tangu 2025 ana siku 10 za kazi za mahakama kujibu, zamani zilikuwa 5, na kurasa nyingi za mtandaoni bado zinaandika 5. Fomu ya majibu ni UD-105. Kama hana pesa za ada ya mahakama, aombe msamaha kwa fomu FW-001. Mkalimani wa Kiswahili anaombwa kwa fomu INT-300, ni bure. Asipojibu, hukumu inatoka bila kusikilizwa, na hapo ndipo wengi hupoteza nyumba. Idara ya nyumba ya jimbo (HCD) inapokea malalamiko ya wakaazi wa paki, ila kulalamika huko hakusimamishi siku za mahakama.

Bint_Mzizima: Swali moja: mkataba wa kiwanja una jina lake? Aliyenunua trela bila kusaini mkataba na paki hana haki za upangaji, anaweza kupewa notisi ya siku 5 tu.

Nyota_ya_Ziwa: Una jina lake, kausaini 2019. Benki inafunga saa kumi na moja, ndiyo tunatoka.