Kijana anakuja Marangu peke yake likizo ya Juni

Kutoka: Mama, Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa. Mwanangu ana miaka 15, kazaliwa huku. Juni anakuja kwa bibi yake Marangu, atakaa hadi Agosti. Nyumbani ni mtulivu, ila akiwa na wenzake anakuwa mtu mwingine: wakisema turuke, karuka. Huku rafiki zake nawajua. Huko nitamlindaje?

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Marangu

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza usidhani mwanao ana kasoro. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwachezesha watu mchezo wa gari kwenye kompyuta. Wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana wenzao walipokaa pembeni kutazama. Watu wazima hawakubadilika hivyo. Kwa hiyo mtoto anaweza kukujibu vizuri kabisa sebuleni, kisha akafanya jingine kijiweni, na wala hakukudanganya. Mahubiri marefu kabla ya safari hayatamfikisha mbali.

Halafu mkumbo wa hapa una njia yake. Mtoto aliyetoka Marekani haanzi kusukumwa kwenye pombe. Anasukumwa aoneshe kwamba ni mwenzao. Watamwita mzungu kwa sababu ya lafudhi, na atafanya lolote jina hilo limtoke. Leo anawanunulia wote chipsi pale Marangu Mtoni, kesho anaombwa hela ya mkeka wa kubeti, keshokutwa wamepanda mishikaki kwenye bodaboda bila kofia. Na Juni msimu wa wageni wa kupanda Mlima Kilimanjaro unaanza. Vijana wakubwa wanashuka na tipu mfukoni, kijiwe kinachangamka. Pombe yenyewe, mbege yetu ya ndizi, atapewa na watu wazima, tena kwa upendo, kwenye sherehe. Hapo bibi atamke mapema mbele ya ukoo kwamba huyu bado.

Ninaloliamini kuliko yote: mtafutie mwenzake mmoja. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaweka watu na kundi lililopangwa kujibu uongo kuhusu urefu wa mistari. Wengi walifuata kundi angalau mara moja, ingawa macho yao yaliona sawa. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli pamoja nao, kufuata huko kulipungua mno. Shangazi au mjomba hawezi kuwa huyo mmoja, maana kijiweni hayupo. Awe kijana wa rika lake, wa kwaya ya usharika au wa timu ya mpira, na waanze kuongea kwenye WhatsApp tangu sasa, asije akafika mgeni kwa wote.

Kutoka: Baba, Leicester

Shikamoo mwalimu. Na kama binamu zake ndio wenye kijiwe? Maana kwetu ndivyo ilivyo.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Marangu

Marahaba baba. Basi mwenzake mchague kati yao, ila usiwaulize wazazi wao, kila mzazi atamsifu wake. Muulize bibi: anajua nani hurudi kabla ya giza na nani humchotea maji bila kutumwa.

Na mpeni mtoto sababu za kukataa ambazo hazimwaibishi. Hela zake zikae kwa bibi, apewe kidogo kidogo. Akiombwa, aseme "hela iko kwa bibi", na itakuwa kweli. Mkubaliane pia neno moja la simu. Akiandika "bibi amekunywa dawa?", mtu mzima mliyemchagua anampigia hapo hapo na kumwita nyumbani kwa sauti ya ukali, wenzake wasikie. Akifika asihojiwe usiku huo. Akihojiwa mara ya kwanza, hataandika tena.

Mwekeeni na namba 116 kwenye simu, ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Yapo mambo ambayo hatamwambia bibi wala wewe.

Dada wa Columbus, nitumie jina la usharika wa bibi. Mwalimu wa kwaya ya vijana huenda namfahamu.