Mbinu za Nje Zinazoitwa Bora: Zijaribiwe Kwanza Halmashauri Chache au Ziagizwe Nchi Nzima?

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo walimu, maafisa elimu na watu wa miradi hulizungumza pembeni, wakati wa chai ya semina, lakini ni nadra kuwekwa mezani. Kila mabadiliko ya elimu yanapoletwa huja na maelezo yaleyale, kwamba yamezingatia uzoefu wa kimataifa na kwamba nchi fulani ilifanya hivi ikafanikiwa. Swali langu ni hili: je, mbinu iliyofanya vizuri Malaysia, Finland au India inapaswa kuwa agizo la nchi nzima hapa Tanzania kabla haijajaribiwa katika halmashauri chache, kwa mikono ya watumishi wetu wa kawaida, na matokeo ya jaribio hilo kutangazwa hata yakiwa mabaya? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwa mwaka wa 19 sasa, na jibu langu ni hapana, haipaswi. Nitaeleza sababu zangu, kisha nawaachia uwanja.

Niseme mapema kwamba sipingi kujifunza kwa wengine. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu pamoja, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba. Vikundi vya kusikiliza redio havikubuniwa hapa, kwa kuwa wakulima wa Kanada walikuwa navyo tangu miaka ya 1940. Lakini Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima haikuamka siku moja na kuviagiza nchi nzima. Ilitangulia kuendesha kampeni ndogo, ikiwemo Wakati wa Furaha ya mwaka 1971 wakati wa kuadhimisha miaka 10 ya uhuru, ikaona wapi viongozi wa vikundi wanakwama na wapi vijitabu vinachelewa kufika, ndipo ikapanua. Kwa hiyo ninachokidai si kitu kigeni, maana tuliwahi kukifanya wenyewe, tena katika nchi iliyokuwa na magari na simu chache kuliko leo.

Sasa tutazame tulichokifanya baadaye. Mwaka 2013 Serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilizindua mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao mfano wake ulitoka Malaysia. Wataalamu wa sekta sita, elimu ikiwa mojawapo, walikusanywa kwa wiki kadhaa katika vikao vilivyoitwa maabara, na kwa upande wa elimu wakatoka na malengo ya tarakimu: ufaulu ufike asilimia 60 mwaka 2013, asilimia 70 mwaka 2014 na asilimia 80 mwaka 2015. Tutende haki kwa kukumbuka kwamba hali ilikuwa mbaya kweli, kwani katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2012 waliofaulu walikuwa takriban asilimia 31 tu, na mwenye mgonjwa haachi kutafuta dawa. Mojawapo ya dawa hizo ilikuwa kuzipanga shule zote kwa nafasi, kila shule ikijua imekuwa ya ngapi katika wilaya yake na kitaifa. Ufaulu wa darasa la saba ulipanda hadi karibu asilimia 51 mwaka 2013, kisha 57, kisha 68.

Ukisoma tarakimu hizo peke yake utasema mbinu ilifaulu. Lakini watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walizifuatilia shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao na kukuta mambo mawili yakienda pamoja. Ni kweli alama za shule hizo zilipanda, lakini idadi ya wanafunzi wake waliofika kwenye chumba cha mtihani nayo ilipungua. Mwalimu yeyote anajua maana yake. Mtoto mzito wa kuelewa, ambaye angeishusha shule, hapewi tena moyo wa kubaki. Hakuna waraka ulioagiza hivyo, ila kipimo chenyewe kilielekeza huko, na kama kingejaribiwa kwanza katika wilaya chache jambo hilo lingeonekana kabla ya kuwagusa watoto wa nchi nzima. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha kutaja shule na wanafunzi bora katika matokeo, baada ya miaka mingi ya mashindano hayo.

Naomba niwaingize darasani kwangu kidogo, maana hapa ndipo hoja inapogusa ardhi. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa semina ya siku tatu kuhusu ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati. Mwezeshaji alituonyesha ukutani picha ya darasa la watoto wasiozidi 25, meza za duara, kila kundi na vitabu vyake. Nikarudi kwenye darasa langu la tatu lenye watoto 112, wanne katika kila dawati, madawati yenyewe yakiwa ya mbao nzito zilizounganishwa na viti vyake. Siku ya kwanza tuliyasogeza ili tupate duara, na hadi vumbi linatulia dakika 11 za kipindi cha dakika 40 zilikuwa zimekwisha. Siku ya pili sikusogeza kitu. Niliwaambia watoto wa dawati la mbele wageuke, wakae wakiwatazama wa dawati la nyuma, watu wanane kwa vitabu viwili, mmoja asome kwa sauti na anayefuata aeleze alichosikia. Darasa likachangamka, hata wale ambao kwa kawaida hujificha nyuma wakapata zamu.

Wiki chache baadaye alikuja mkaguzi na fomu yake. Fomu ilikuwa na kipengele kinachouliza kama wanafunzi wamekaa katika makundi ya duara, na kwa kuwa hawakuwa hivyo, kipengele kiliwekewa alama ya mkasi. Simlaumu mtu yule, alijaza alichopewa kujaza. Ninachotaka tukione ni kwamba kilichovuka bahari kutoka huko mbinu ilikozaliwa ni sura yake, yaani duara, kwa sababu duara linaonekana na linahesabika. Kiini chake, yaani mtoto kupata nafasi ya kusema na kusahihishwa, hakikupewa kisanduku kwenye fomu. Nimeyaona hayo kwenye andalio la somo, nimeyaona kwenye upimaji, na nina hakika wenzangu wa afya na kilimo wanayo ya kwao.

Hoja yangu inapata nguvu zaidi kutoka kwa majirani zetu. Magharibi mwa Kenya lilifanyika jaribio la kuajiri walimu wa ziada kwa mkataba, na watoto wa madarasa ya chini wakapanda alama. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ikaamua kuajiri walimu 18,000 wa mkataba. Sambamba na hatua hiyo likafanyika jaribio jipya katika mikoa yote minane ya wakati ule: katika baadhi ya shule mwalimu huyo alisimamiwa na shirika la World Vision, na katika nyingine alisimamiwa na serikali. Mbinu ilikuwa ileile na nchi ileile, lakini alama zilipanda upande wa shirika, na upande wa serikali hazikupanda. Upande wa serikali usimamizi ulikuwa hafifu na mishahara ilichelewa zaidi. Ndiyo maana nasisitiza mikono ya watumishi wa kawaida. Jaribio linaloendeshwa na mradi wenye magari yake, posho zake na maofisa wake vijana linatuambia mradi unaweza nini, wala halituambii halmashauri itaweza nini siku mradi ukifunga ofisi.

Kenya hiyohiyo inatupa mfano wa upande wa pili. Kabla ya mpango wa kusoma wa Tusome kwenda nchi nzima mwaka 2015, ulitanguliwa na majaribio yaliyoanza mwaka 2011. Jaribio moja, katika kaunti ya Kisumu, lilipima kama vishikwambi na vifaa vingine vya kielektroniki viongezwe kwenye vitabu na mafunzo ya walimu, na ikaonekana kwamba vifaa hivyo havikuongeza kusoma kwa kiasi cha kuhalalisha gharama yake. Basi mpango ulipopanuliwa pesa zilielekezwa kwenye kitabu kimoja kwa kila mtoto, mwongozo kwa mwalimu, na maafisa wa mitaala wanaotembelea madarasa, na vishikwambi wakapewa maafisa hao. Faida kubwa ya jaribio lile ilikuwa kuwaambia mapema nini wasinunue.

Hapa kwetu pia ushahidi upo. Shirika la Twaweza, pamoja na watafiti, liliendesha jaribio la KiuFunza mwaka 2013 na 2014 katika wilaya 10 na shule 350. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, baadhi ya walimu waliahidiwa zawadi kulingana na watoto wanaomudu stadi za msingi, na kundi jingine lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua kujifunza kwa watoto. Ruzuku ikichanganywa na motisha kwa mwalimu iliinua, na kwa kiasi kilichozidi jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Unaweza kubishana na namna ya kutoa motisha, na mimi mwenyewe ninayo mashaka yangu kuhusu kumlipa mwalimu kwa kichwa cha mtoto, lakini angalau tunabishana juu ya jambo lililopimwa kwenye madarasa yetu.

Najua kuna hoja nzito dhidi yangu. Mwalimu mwenzangu, ambaye namheshimu kama dada, aliniambia hivi: "Kaka, mtoto aliye darasa la kwanza leo hatarudi darasa la kwanza baada ya jaribio lako la miaka mitatu. Ngoja ngoja yaumiza matumbo." Ana haki ya kusema hivyo, na swali lake liliniweka macho. Lakini hao Wafini tunaopenda kuwataja, walipobadili mfumo wao wa shule za msingi, walianzia Lapland kaskazini mwaka 1972 na kufika eneo la Helsinki mwaka 1977. Hiyo ni nchi yenye watu chini ya milioni 5 wakati ule. Isitoshe, mtoto anaumia mara mbili pale agizo linapotolewa leo, likakwama, na kufutwa baada ya miaka minne, maana mwaka wake umepita na mwalimu wake amejifunza kwamba kila jipya ni la kusubiriwa lipite. Uchovu huo wa walimu hauandikwi kwenye ripoti yoyote, nami nauona kila semina mpya inapotangazwa. Hata hivyo nakubali kwamba yako mambo yasiyohitaji kujaribiwa, kama choo chenye mlango kwa wasichana, dawati au uji wa mchana. Ninachokizungumzia ni mbinu za kufundisha, kupima na kusimamia.

Sehemu nyingine ya mjadala huu ni ushirikiano na wafadhili. Katika kata moja ninayoifahamu, Afisa Elimu Kata alipewa pikipiki na mradi pamoja na fedha za mafuta kila mwezi, na kwa kweli tulimwona. Alikuwa akikaa nyuma ya darasa kipindi kizima, kisha mnazungumza chini ya mti, na ushauri wake ulikuwa wa mtu aliyeona. Mradi ulipofika mwisho mafuta yalifika mwisho. Mara ya mwisho nilipoiona pikipiki hiyo ilikuwa imeegeshwa barazani, gurudumu la nyuma limekaa bila upepo, na watoto wanaianikia nguo. Ziara ya msimamizi darasani ndiyo sehemu ya mbinu iliyokuwa na faida kubwa, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufa. Napendekeza kila hati ya makubaliano na mshirika wa maendeleo iseme wazi ni kifungu gani cha bajeti ya halmashauri kitabeba gharama hiyo mradi ukiisha, na mbinu ambayo haina jibu hilo isiruhusiwe kuitwa sera.

Nimeileta hoja hii sasa kwa sababu mabadiliko makubwa yanaendelea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta miaka 10 ya elimu ya lazima na mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, kwa sekondari, na mtaala mpya ulianza Januari 2024. Mkondo wa amali nauunga mkono kwa moyo wote. Nchi nyingi zimetajwa kama mfano, na mojawapo ni Ujerumani, ambako kijana hugawa wiki yake kati ya chuo na kampuni iliyomwajiri kwa mkataba wa mafunzo. Huko mwajiri ndiye anayebeba sehemu kubwa ya mzigo, ilhali kwetu mafundi wengi wa kushona, kuchomelea na useremala wako chini ya mwembe au kwenye kibanda cha bati, bila kampuni wala mkataba. Mbinu hiyo ikija bila mwajiri wake, nani anachukua nafasi yake?

Kwa hiyo nawaomba hasa mlio katika shule zilizoanza na mkondo huo mtueleze mnayoyaona: karakana ina umeme wa kutosha kuendesha mashine ya kuchomelea, vifaa vya mazoezi vinanunuliwa na nani, na je, yupo fundi wa mtaani ambaye shule imekubaliana naye awapokee wanafunzi, na kama yupo, analipwa nini?