Nyumba ya kupanga Kigoma: ukuta umeota ukungu, kosa ni langu au la nyumba?

Mpangaji_Mwanga: Wakuu, habari za jioni. Nimepanga huku Mwanga, Kigoma mjini. Tangu mvua zianze, ukuta nyuma ya kabati umejaa ukungu mweusi, viatu vya ngozi vimeota unga mweupe, asubuhi vioo vya dirisha vinachuruzika maji. Mtoto anakohoa usiku. Mwenye nyumba anadai tunapika sana ndani. Nipake rangi ya mafuta au nihame?

Fundi_Plasta: Rangi acha kwanza mkuu, ukuta mbichi utaibandua tu. Futa sehemu ikauke, bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Maji yakitokea juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni mvuke wenu. Yakitokea nyuma yake, ukuta ndio unaleta maji.

Mama_Ujiji: Na yale matundu ya hewa juu ya dirisha mmeyaziba magazeti kisa mbu, nawajua! Toa, weka wavu. Kabati livute, kiganja kipite nyuma yake. Usianike nguo chumbani. Ukichemsha maharage funika sufuria, fungua dirisha la jikoni, mlango wa chumbani ufunge. Ukungu ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, usikwangue mkavu, vumbi lake baya kifuani. Mtoto mpeleke akapimwe.

Dogo_Gungu: Mimi nawasha jiko la mkaa chumbani, kunakauka fasta.

Fundi_Plasta: Dogo, utazikwa! Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu wanalala, hawaamki.

Mpangaji_Mwanga: Nailoni imejibu. Nyuma ya kabati maji yako juu, huo ni mvuke wetu. Ila ukuta wa uani, chini karibu na sakafu, yako nyuma yake. Nje bati halina gata, maji yanarukia ukutani, na udongo umepanda hadi juu ya msingi.

Fundi_Plasta: Basi kesi ni ya wote wawili. Udongo uchimbwe ushuke chini ya usawa wa sakafu, maji yapewe mfereji. Gata ni ya mwenye nyumba. Akisema nunua utakata kwenye kodi, aandike na asaini kabla hujatoa hela.

Mama_Ujiji: Na risiti ya gata usitupe.