Unanichangisha euro 15, unakula chapati zangu, mkaguzi akija unasema hunijui!

Binti Kikaango:
Wakuu, nimeingia chumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Hasira nilizonazo zinaweza kuivisha maharage bila moto. Jina sitaji. Walioko Leipzig wote mnamjua: yule mwenyeji wa Ulaya nzima, ambaye kila Ijumaa jioni anatupia kwenye grupu "wikendi hii tutoke jamani, msife na vitabu". Huyo huyo.

HAWA SIWAFAHAMU. Hivyo ndivyo alivyosema. Na mkononi ameshika chapati YANGU.

Ngoja nielezee. Safari ilikuwa ya Bastei, ile miamba yenye daraja la mawe la mwaka 1851, iko juu ya mto Elbe karibu mita 194. Watu wanane. Kila mtu katoa euro 15 za "maandalizi", ambayo mpaka sasa sijayaona. Mimi nimeamka saa kumi alfajiri kusukuma chapati 24, nikazifunga kwenye foili nne nne, nyingine bado zinatoa mvuke tunapanda treni ya saa moja.

Mpaka Dresden mambo safi. Pale tulitakiwa tupande S1, treni ya mkoani, ambayo haifiki hata saa moja uko Rathen, kituo cha kushukia kwenda Bastei. Mheshimiwa akagoma. "S1 inasimama kila penye mti, twendeni na hii, tutashuka Bad Schandau halafu tunarudi vituo viwili." Ubao unasema EC, treni ya masafa marefu ya kwenda Praha. Nikamwuliza mara mbili, kaka, tiketi zetu za wanafunzi si za treni za mikoani tu? RE, RB, S basi? Akanitazama kama mtu aliyeshuka jana uwanja wa ndege. "Hizo ni herufi tu, dada."

Herufi tu!

Hatujamaliza dakika kumi, mkaguzi huyo. Tumeonyesha simu zetu saba, anatikisa kichwa simu baada ya simu. Sote tukamgeukia kiongozi. Yeye kamaliza kutafuna, kafuta vidole, katoa simu yake, na ndani yake kuna TIKETI HALALI YA TRENI ILE ILE. Kajikatia peke yake! Tangu Jumatano! Mkaguzi akamwuliza kama yuko na sisi. Kijerumani chake cha miaka minne, ambacho tukimwomba atusaidie kusoma barua ya bima ya afya huwa kinampotea, leo kimetoka kimenyooka: hawa siwafahamu.

Chapati yangu, wakuu. Foili iko magotini kwake. Mafuta ya mkono wangu yako mdomoni kwake. Hanifahamu.

Euro 60 kila kichwa, watu saba, 420. Mimi kwa 60 nakula wiki mbili. Tunashuka Bad Schandau, mtu anapiga makofi: "Haya jamani, ratiba imebana." Kule juu Bastei akataka picha ya pamoja. Ya pamoja na nani, kama hatufahamu?

Nataka hela yangu, 60 na zile 15. Na naomba asije akakanyaga tena jikoni kwangu.

Mzee wa Behewa:
Pole, lakini watu saba mnaosoma shahada ya pili mmeshindwa na herufi mbili? EC imeandikwa kwenye ubao na ubavuni mwa treni.

Binti Kikaango:
Nimesema NILIMWULIZA mara mbili! Treni inaondoka, wenzangu wameshapanda, nibaki peke yangu na kikapu? Na hapa shida si treni. Ningelipa 60 nikanyamaza. Shida ni mtu kunikana na chapati yangu iko kooni.

Kokoto:
Chapati 24 kwa watu wanane. Huyo mmoja alikula ngapi?

Binti Kikaango:
Tano. Kabla ya Dresden.

Wa Sita Kati ya Saba:
Nilikuwepo, kila neno ni kweli. Ila dada hujasema ulivyomnyang'anya foili pale kwenye pantoni ya Rathen ukawamwagia bata. Watu wanashangaa kivuko kisicho na injini kinavyosukumwa na mkondo wa mto, wewe unagawa chapati kwa bata mmoja mmoja.

Binti Kikaango:
Niliwapa kwa moyo mweupe. Bata hawajanikana.

Jirani wa Tramu 4:
Huyu huyu ndiye mwaka ule tiketi ya mwezi ilipoanza kwa euro 49 alituambia tiketi moja inatosha watu wawili ukikaa karibu. Mimi nilikaa karibu. Nikalipa 60.

Mpwa wa Wuhan:
Nyie mnalia kwa dakika kumi za treni! Huku China kiongozi wetu alitukatia tiketi za kusimama mpaka Beijing, wiki ya sikukuu ya taifa, Oktoba mosi. Usiku kucha nimesimama mlangoni mwa choo, kila anayeingia nampisha. Tumefika Badaling kuona Ukuta Mkuu wa China, ukuta hatuuoni, tunaona visogo. Yeye alikuwa na kitanda behewa la mbele. Na hela ya maji alitukusanyia.

Mtu wa Pune:
Afadhali nyie mlipanda. Sisi safari ya Goa tuliwekwa orodha ya kusubiri, tunaambiwa "itathibitika tu, India ndivyo ilivyo". Chati ya waliopata nafasi imetoka, sote tumebaki orodhani. Tumekaa stesheni na mabegi ya ufukweni. Sijarudishiwa hata rupia.

Mpwa wa Wuhan:
Wewe angalau ulikaa.

Mzee wa Behewa:
Kwa hiyo kila nchi ina wake. Lazima wanafundishwa sehemu moja.

Kokoto:
Turudi kwenye mambo ya msingi. Dada, chapati za Ujerumani unazifanyaje zinakuwa laini mpaka mtu anamkana mwenyewe? Zangu zikipoa unaweza kuezekea.

Binti Kikaango:
Mimi naongelea euro 75 zangu wewe unauliza mapishi??

Utakuwa unatumia unga wa 405, ile namba ya aina ya unga kwenye pakiti za Ujerumani. Huo ni wa keki. Chukua 550, maji ya moto, ukande mpaka mkono uume, uache upumzike nusu saa.

Jirani wa Tramu 4:
550 si wa mikate? Mimi 405 miaka mitatu na sijalalamikiwa.

Wa Sita Kati ya Saba:
Nimekula zako. Tulinyamaza kwa heshima.

Mama Halle:
Achaneni na unga wa supamaketi. Hapo Leipzig, mtaa wa Eisenbahnstraße, kuna maduka yanauza atta, unga wa ngano wa Kihindi, mifuko mikubwa, chapati zinalala mpaka kesho yake bado laini.

Kokoto:
Mama Halle, ni upande gani wa barabara, wa kituoni au huku juu? Nataka nipite Jumatatu.

Mtu wa Pune:
Atta ya kahawia au nyeupe? Maana huku ya kahawia ukisukuma inakatika.