Naomba ushauri: kuchoma nyama tukisafiri na motahomu

Wakuu habari zenu, niko Texas na familia, mwezi ujao tumekodi motahomu (lile gari lenye nyumba ndani) tunaenda Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, na wife anataka choma kila jioni 😂. Mkaa nimeachana nao, kule kiangazi ukame ukizidi wanapiga marufuku, so nina jiko la gesi na mtungi wa paundi 20. Sasa niliweke mbali na gari kiasi gani maana lile turubai la kivuli la pembeni ya gari likishika moto tumekwisha. Na mvua ikinyesha mnafanyaje, ndani siingizi, ile gesi ya sumu ya moto, kaboni monoksaidi, inaua kimya kimya. Alafu mtungi mnabebea wapi? Mi nilitaka kuufunga wima nyuma kwenye bampa, shemeji anasema tukigongwa ni balaa. Waliowahi nisaidieni.