Jirani anaua mbwa wangu kwa sumu: nichukue aina gani isiyokula ovyo?

MzeeWaGeti
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka maana maji yamenifika shingoni. Nakaa Kiamunyi hapa Nakuru, ploti ni yangu, nyumba nimemaliza lakini ukuta wa nyuma bado, kuna michongoma tu. Wezi wamezidi. Juzi wamebeba mtungi wa gesi na nguo za watoto zikiwa bado zinachuruzika kwenye kamba. Nataka mbwa wa ulinzi ambaye hapokei chakula kwa mtu yeyote ila mimi. Nasikia anaweza kufunzwa akatae hata nyama akirushiwa. Ni kweli? Na kati ya Rottweiler, German Shepherd na Boerboel, nani anashika mafunzo hayo upesi? Nijibuni leo leo, kuna mtu ananisubiri.

BabaMapacha
Boerboel, usifikirie mara mbili. Ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, akisimama getini hata mtu wa stima anasoma mita kutoka barabarani. Ila ujipange kwa chakula. Wangu alikuwa anamaliza ugali wa nyumba nzima halafu ananiangalia kama nimemwibia. Na usingizi! Usiku mmoja mwizi alimruka akiwa amelala mlangoni, akachukua pikipiki, akamruka tena akitoka.

OmwanaWaLurambi
Sasa hiyo ndiyo sifa ama ni matanga? Chukua mbwa wa kienyeji, mkubwa. Kwetu Kakamega mbwa anakula ukoko wa ugali, analala nje kwenye mvua, daktari hamjui. Na hakuna mgeni anayefika mlangoni bila kutangazwa. Hao wa bei kubwa ni mbwa wa picha.

NyarSiaya
Wa kienyeji pia hufa, ndugu yangu, ni vile tu hakuna anayewahesabu. Mzee, swali: hiyo habari ya sumu imetoka wapi? Ulikuwa na mbwa mwingine?

MzeeWaGeti
Nilikuwa naye, anaitwa Simba. Jirani wa upande wa michongoma akamtilia sumu. Hayo yameshapita, mimi nauliza aina na mafunzo tu.

KocheWaKondele
Nafunza mbwa hapa Kisumu, nikujibu ulichouliza. Inawezekana, lakini si kazi ya wiki moja. Unamfunga kamba, unaweka kipande cha chakula chini, akinyoosha shingo unasema "acha" na kamba haimfikishi. Akikuangalia wewe badala ya kile kipande, unampa kitu kitamu zaidi kutoka mkononi mwako. Kile cha chini hapewi kamwe, hata akikaa vizuri namna gani. Akishaelewa kwako, unaita mtu asiyemjua arushe. Kesho mwingine. Halafu juu ya ua, halafu wewe ukiwa umejificha. Bakuli liwe moja, mahali pamoja, saa zilezile. Shepherd na Rottweiler wote wanaweza. Tatizo huwa ni wenye mbwa: wanamshindisha njaa ati awe mkali. Mbwa mwenye njaa hana mafunzo, atakula hata kandambili.

ChapoMadondo
Mimi nimefunzwa hivyo na mke wangu kuhusu nyama ya wageni. Inafanya kazi.

MwanafunziWaNjoro
Nasomea udaktari wa mifugo, bado sijamaliza, kwa hivyo nichukulieni kama mwanafunzi. Mzee, Simba alikuwa na umri gani, na alikufa vipi? Sumu nyingi za wadudu wa shambani huonekana haraka: mate yanamwagika, mwili unatetemeka, anaanguka na kurusha miguu, mara nyingi ndani ya saa chache. Ulimwona hivyo?

MzeeWaGeti
Alikuwa mdogo mdogo. Alikufa tu. Jamani, mbona maswali ya kituo cha polisi?

MamaKibuye
Mwanangu, mambo ya jirani yasikufanye uchukue sheria mkononi. Mimi hapa Kisumu jirani alinilia kuku watatu, wanawe walionekana na manyoya kwenye sweta za shule. Nilienda kwa chifu, nikangoja, chifu akahamishwa, nikamwachia Mungu. Leo huyo mama ndiye hunishikia kibanda nikienda hospitali. Ongea naye kwanza.

MwanafunziWaNjoro
Mama, nakuheshimu, lakini tusubiri. Mzee, umri na dalili. Bila hiyo tunakuchagulia mbwa wa kufa.

MzeeWaGeti
Haya. Alikuwa na miezi miwili na kitu. Jumatatu alikataa uji, akajikunja kwenye kona ya banda. Jumanne akaanza kutapika povu la manjano. Jumatano akahara damu, na harufu yake sijawahi kuisikia popote, hata nikifunga dirisha ilikuwa inaingia. Alhamisi nikamkuta amekauka. Na yule wa kwanza, Tiger, alikufa vivyo hivyo kabla yake. Sasa mniambie, mbwa wawili wafe kwa njia moja, banda moja, bila mkono wa mtu? Na mfupa niliuokota karibu na michongoma. Nimeshamripoti huyo jirani kwa mwenyekiti wa nyumba kumi. Arbuni ya Rottweiler nimeshatuma kwa M-Pesa, anafika Jumamosi. Sasa nauliza mafunzo ili huyu asiuawe.

NyarSiaya
Kumbe ni wawili. Na wa tatu ameshalipiwa. Na sisi tunabishana kuhusu Boerboel.

MwanafunziWaNjoro
Mzee, kaa chini usome polepole. Siwezi kupima mbwa aliyekwisha zikwa, lakini ulichoeleza ni sura ya parvo. Ni virusi. Hushika hasa watoto wa kuanzia wiki 6 hadi miezi 6, hula utumbo na kuangusha kinga ya mwili. Mtoto anakufa kwa kuishiwa maji na kwa bakteria wanaopenya kutoka utumbo uliochubuka. Tangu aviokote hadi augue huwa ni kama siku 3 hadi 7, pengine hata 14. Hiyo sumu yako ya siku nne yenye harufu haifanani na mtu kurusha nyama.

Na hili ndilo la kukunyima usingizi: virusi hivyo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Sabuni ya kawaida haiviui. Vinatembea kwa viatu, kwa bakuli, kwa gunia la kulalia. Tiger alimwachia Simba. Jumamosi unamletea wa tatu mahali palepale, tena Rottweiler, ambaye pamoja na Doberman na German Shepherd wamejulikana kwa miaka kuwa parvo huwashika vibaya zaidi.

MzeeWaGeti
Haiwezi kuwa ugonjwa. Wote wawili walikuwa na kadi za chanjo. Muuzaji ni mtu tunayesali naye, hawezi kunidanganya. Na mbwa akiwa na kadi, si amekingwa?

MwanafunziWaNjoro
Ichukue hiyo kadi uniambie kilichoandikwa. Angalia kama kuna vile vistika vidogo vinavyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, vyenye nambari.

MzeeWaGeti
Ninayo ya Simba hapa. Hakuna kistika. Kuna "chanjo" imeandikwa mara tatu kwa biro ya buluu, sahihi moja inayofanana, na pembeni "minyoo" na alama ya vema. Tarehe ya kwanza alikuwa na wiki tatu.

MwanafunziWaNjoro
Wiki tatu! Kinga aliyonyonya kwa mama yake ingeimeza hiyo chanjo hata kama ni ya kweli. Ya kwanza huwa wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe angalau wiki 16, maana hujui ile kinga ya mama inaisha lini kwa mtoto yupi. Simba alikufa akiwa na miezi miwili na kitu. Hata angechanjwa sawasawa alikuwa bado katikati ya safari. Dozi tatu ziliingia wapi?

KijanaWaSection58
Wakubwa, mimi naona tunachezwa. Alianza na mbwa mmoja, wakawa wawili. Alianza na sumu, sasa ni kadi. Kila akibanwa anatoa kitu kipya kama mganga na mkoba wake. Subirini kesho mtaona: "nimepata muuzaji mwaminifu, ana watoto wa Rottweiler wenye chanjo kamili, njooni inboksi". Nimeona uzi wa aina hii, ni matangazo ya biashara tu.

BabaMapacha
Hata mimi nilishangaa. "Nijibuni leo leo, kuna mtu ananisubiri" ni lugha ya dalali wa ploti.

ChapoMadondo
Basi niseme ukweli. Mimi ndiye jirani. Huo mfupa ulikuwa wangu, wa mbuzi, uliniponyoka nikila. Naomba nirudishiwe.

MamaKibuye
Asante kwa kujitokeza mwanangu. Sasa ombaneni msamaha hapa hapa.

ChapoMadondo
Mama, natania. Niko Webuye.

OmwanaWaLurambi
Hata kama ni ya kutunga, mimi nimefaidika. Kwetu watoto wa mbwa wakifa saba kati ya tisa tunasema "hawakuwa na bahati", tunangoja uzao mwingine. Sikujua inakaa kwenye udongo.

MzeeWaGeti
KijanaWaSection58, kama natunga njoo Kiamunyi nikuonyeshe nilipowazika, chini ya mparachichi, hata majani hayajaota. Njoo uone banda, gunia wanalolalia bado liko, na ile sufuria nyeusi ya uji. Sikuja kuuza mtu kitu. Nimepoteza pesa na watoto wangu hawataki hata kupita upande ule.

MwanafunziWaNjoro
Gunia bado liko? Sufuria ni ileile?

MzeeWaGeti
Nililianika jua. Ni gunia zuri.

NyarSiaya
Huyu hatungi. Mtu akitunga angesema amelichoma.

MwanafunziWaNjoro
Choma gunia leo. Sufuria na sakafu ngumu: osha kwanza uchafu wote utoke, kisha jiki, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, iloweshe kama dakika 10 ndipo usuuze. Udongo hautakaswi kwa jiki, inaishia juu juu. Hapo hakuna mtoto wa mbwa atakayekanyaga. Ukitaka mbwa sasa hivi, tafuta mkubwa aliyekamilisha chanjo na kadi yenye vistika. Ukimtaka huyu wa Jumamosi, abaki kwa muuzaji mpaka amalize, na daktari umlete wewe, asiwe wa muuzaji. Gharama ya dozi zote haifiki hata nusu ya bei ya huyo mtoto. Na siku mbwa akikufia hivyo tena, usizike. Piga simu ofisi ya mifugo, hapo Nakuru mna maabara ya serikali ya kuchunguza magonjwa ya mifugo. Kama ni sumu waseme ni sumu.

MzeeWaGeti
Muuzaji amekataa kukaa naye, anasema banda lake limejaa na arbuni hairudi. Watoto nimeshawaambia. Nimeamua atafikia kwa kaka yangu kule Bahati mpaka dozi ziishe. Yeye ana mbwa mmoja mzima kabisa, alichanjwa ile ya bure ya kampeni.

NyarSiaya
Ile ya bure ni ya kichaa cha mbwa, shemeji, si parvo. Kaunti yetu ya Siaya ilikuwa kati ya za mwanzo kuchanjiwa mbwa kwa wingi, tunaijua vizuri, watoto wanawaburuta mbwa kwa kamba za katani mpaka uwanja wa shule. Ni ya lazima, mtu akishikwa na kichaa na dalili zikaanza hakuna anayemrudisha. Huyo wako naye aipate akifika miezi mitatu, na kila mwaka. Lakini kadi ya kampeni haisemi lolote kuhusu utumbo wa mbwa.

MwanafunziWaNjoro
Muulize kaka yako kama kuna mtoto wa mbwa aliyewahi kufa pale kwake karibuni. Kama yupo, Bahati ni Kiamunyi tu ya mbali. Na wewe ukienda kumtazama, viatu vya nyumbani uviache nyumbani.

MzeeWaGeti
Nitamuuliza.

MamaKibuye
Na jirani je?

MzeeWaGeti
Mwenyekiti ameitisha kikao Jumapili baada ya kanisa. Nitasikiliza. Lakini kuhusu ule mfupa bado atanieleza.

BabaMapacha
Mtu mzima unaenda kikao na mfupa mkononi. Mwambie mwenyekiti umefuta malalamiko, ununue soda, muishie hapo.

KijanaWaSection58
Bado nasubiri ile namba ya inboksi.

Wa_Mumias_Road
Samahani kuingilia uzi. Mimi mbwa wangu hana ugonjwa wowote ila anakula mayai, anayabeba bila kuyavunja mpaka nyuma ya choo. Ni aina gani ya mbwa isiyokula mayai?

KocheWaKondele
Fungua uzi wako. Na useme kila kitu kwenye posti ya kwanza.