Mrejesho: alumini kwenye mrututu, jibu limepatikana

Assalaam alaykum. Niliuliza hapa kutoka Chake Chake: alumini iko juu ya zinki na chuma katika mfululizo wa utendanaji (orodha ya metali kuanzia zinazotendana kwa nguvu zaidi), mbona haing'oi shaba kwenye maji ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, ile chumvi ya buluu? Ahsanteni walimu, mlisema kweli: ni ngozi ya oksidi, yaani utando mwembamba ambao alumini huufanya ikikutana na oksijeni ya hewa.

Vipimo: mrututu gramu 5, maji mililita 100, glasi tatu. Zinki ilipiga weusi ndani ya dakika moja, msumari wa chuma uliosuguliwa ukavaa wekundu taratibu, alumini kimya. Kuisugua kwa msasa hakukusaidia, maana oksidi hurudi mara tu inapoguswa na hewa.

Kisha kwenye glasi ya alumini nikatia chumvi ya mezani, kijiko kimoja cha chai. Maji yaligeuka kijanikijani, mapovu yakatoka, glasi ikapata moto, na karatasi ya alumini ikaliwa ikabaki shaba nyekundu chini. Kloridi iliyomo kwenye chumvi ndiyo inayotoboa ile ngozi. Sufuria zetu za pwani hupata vitobo kwa sababu hiyohiyo.

Tafadhalini, msimwage ufuoni, shaba huua viumbe wa baharini. Tieni misumari mpaka buluu iishe, kisha chujeni.